Kimya Katikati ya Wimbo

Wimbo ulifika pale unaponyamaza, na watu wanne wakashika pumzi.

Fundi Saa alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja chake juu ya spika aliyoiunda mwenyewe ndani ya kabati la saa kuukuu. Nesi, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka zamu na hakuwa amevua viatu vyake vyeupe, alifumba macho. Mwalimu, aliyefundisha kwaya mpaka akastaafu, alinyanyua kidole kimoja hewani, kikabaki hapo kikingoja mahali pa kutua. Na yule aliyeuleta wimbo, fundi wa makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, hakumtazama yeyote. Alitazama kucha zake zilizoganda gundi, akaomba moyoni kimya kile kisiwe kirefu kuliko alivyokikumbuka.

Kisha sauti ya mwanamke ikarudi. Ilirudi chini kidogo ya pale ilipoachia, kama mtu wa nyumbani anayeingia bila kubisha hodi, na ile ngoma ndogo ya haraka haraka, tak-tak-tak-tak, ikaipokea na kwenda nayo hadi mwisho.

Hakuna aliyesema neno mpaka spika ilipoacha kukwaruza. Hiyo ilikuwa kanuni yao. Kila Jumapili alasiri walikutana katika karakana ya Fundi Saa, ambaye kwanza alizisimamisha saa zote za ukutani zisije zikaingilia, na kila mmoja akaleta wimbo ambao Jumapili iliyopita alikuwa haujui. Si lazima uwe mpya duniani. Lazima uwe mpya kwake. Aliyeuleta haruhusiwi kuusifia kabla haujapigwa. Anayesikiliza haruhusiwi kukohoa, isipokuwa kwa ugonjwa uliothibitishwa na Nesi. Wimbo ukiisha, mwenye kuuleta anasema ameupata wapi, na hapo ndipo midomo inafunguliwa.

Kwa Sponji, hapo ndipo aibu ilipokuwa ikianzia. Kila wimbo alioudhani mpya, wenzake walikuwa wameuchoka zamani. Siku moja alileta mmoja kwa fahari kubwa, na Nesi akauimba pamoja na spika mwanzo hadi mwisho huku akimkazia macho. Siku nyingine Fundi Saa alimweleza kwamba wimbo ule ndio aliobembelezewa utotoni, na kwamba bibi yake aliyekuwa akimbembeleza naye aliukuta. Walimcheka kwa upendo. Lakini mtu akichekwa kwa upendo kila Jumapili, upendo wenyewe huanza kuwasha.

"Rudia," Mwalimu alisema.

Wote wakamgeukia. Mwalimu hakuwahi kuomba wimbo wowote urudiwe. Alikuwa na hukumu mbili tu, "Unasikilizika" na "Tumesikia," na ile ya pili ilikuwa tusi.

Ukarudiwa. Kisha ukazuka ubishi ambao karakana ile haikuwa imeuona kwa muda mrefu. Fundi Saa alishikilia kwamba ngoma ile haikuwa na ngozi, ilikuwa ya chuma, pengine kopo linalopigwa kwa vidole vilivyovishwa kitu. Nesi alisema ni ngoma mbili, moja kubwa imefichwa nyuma. Maneno yalikuja kwa ukungu, kana kwamba mwimbaji alikuwa ndani ya mtungi, na neno moja tu, "ataongezeka," ndilo lililofika zima. Nesi akaapa kwamba huo ni wimbo wa msiba. Fundi Saa akasema msiba wa wapi, huyo ni mwanamke anamsema mume. Mwalimu hakushughulika na maneno.

"Sikilizeni pale anaponyamaza," alisema. "Mwimbaji wa kawaida anaogopa kimya. Anakijaza, anaweka madoido. Huyu amekiacha wazi, akangoja, akarudi wakati wake. Nimewafundisha watu kungoja namna hiyo maisha yangu yote na hawakuweza. Umeupata wapi, bwana?"

"Redioni," Sponji alisema. "Redio ya jirani yangu wa kazini. Niliurekodi juu ya ukuta."

Stesheni gani, hakujua, na alikuwa anasema kweli. Alikwisha kuipekua redio yake mwanzo hadi mwisho bila kuipata sauti ile. Mwalimu akaomba atumiwe wimbo papo hapo. Kabla Sponji hajafika nyumbani, Mwalimu alikuwa ameshawatumia wanakwaya wake wa zamani, pamoja na kundi jingine la wasikilizaji la upande wa pili wa mji, na Nesi alikuwa ameupeleka wodini. Sponji alirudi kwa miguu, akazunguka njia ndefu makusudi, ili sifa zile zisiishe upesi.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja katika jengo refu la vyumba vya biashara vilivyopeana mgongo. Mlango wake ulitazama barabara ya wauza mbao. Vyumba vya nyuma vilitazama barabara nyingine, ambayo hakuwa na sababu ya kuipita. Ukuta uliokuwa katikati haukufika juu kabisa. Mjenzi aliacha upenyo chini ya bati, ama kwa ajili ya hewa ama kwa uvivu tu, na kupitia upenyo huo redio ya jirani ilikuwa ikimfikia Sponji kila siku ya kazi.

Alikuwa mtu wa misumari midogo. Aliiweka midomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, akaipigilia kwenye mbao za kochi kwa nyundo nyepesi ambayo mpini wake ulikwisha kulika kwa umbo la kiganja chake. Nyundo ile ilikuwa na mwendo wake: mbili fupi za kukamatisha msumari, moja nzito ya kuuzamisha. Redio ya jirani ilipoimba, alijikuta akipiga sawasawa nayo bila kukusudia, na kazi ikawa nyepesi. Siku ile alipoukuta wimbo asioujua, alitema misumari kiganjani, akaweka nyundo chini, akapanda juu ya kiunzi cha kochi la watu watatu na kuinua simu hadi kwenye upenyo, mpaka wimbo ukaisha.

Siku chache baada ya Jumapili ile ya sifa, Sponji alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti akikaza mikanda ya chini. Redio ikawa inaimba. Katikati ya mstari, sauti ile ile, bila kubadilika hata kidogo, ikauliza, "Nani kachukua mkasi wangu?"

Sauti nyingine ikajibu, "Umeukalia."

Kukawa na kicheko cha wanawake kadhaa, na wimbo ukaendelea pale ulipoachwa.

Sponji alibaki amepiga magoti, misumari midomoni. Redio haikalii mkasi. Aliitoa misumari mmoja baada ya mwingine na kuipanga sakafuni, kwa sababu aliogopa kuimeza. Sasa alisikia kila kitu kwa masikio mengine. Tak-tak-tak-tak ilikuwa cherehani. Kopo la Fundi Saa na ngoma mbili za Nesi zilikuwa mguu wa mtu juu ya pedali. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mwanamke anayeshona, anayejiimbia mambo yake, na yeye Sponji alimpandia ukutani kama mwizi wa matunda, akamchukua sauti bila hata salamu, akaigawa kwa watu ambao wengine hakuwajua sura.

Akajiwazia na yeye mwenyewe. Alikuwa na tabia ya kuongea na makochi. Aliyakemea, aliyaomba radhi, kochi moja lililomsumbua aliwahi kuliuliza kama lina wazazi. Akafikiria mtu ayanase maneno hayo na kuyapeleka wodini.

Alimpigia simu Mwalimu. Mwalimu alikuwa na furaha tele. Wanakwaya wa zamani walikuwa wakibishana juu ya kile kimya, na mmoja alikuwa anajaribu kukiiga. Sponji akamweleza. Upande wa pili pakawa kimya, lakini kimya hiki hakikuwa cha kusifiwa.

"Kwa hiyo ni mtu aliye hai," Mwalimu alisema mwishowe.

"Yuko hai. Yuko nyuma ya ukuta wangu."

"Basi wimbo huo hukuupata, bwana. Umeuchukua."

Aliahidi kuwaambia wote waufute, ingawa hakuweza kujua umeshafika wapi. Lile neno lilimwingia Sponji na kukaa. Kuanzia siku hiyo hakushika tena nyundo. Alichagua kazi za sindano na gundi, matakia, vifungo, mishono ya mkono, kazi zisizo na kelele, kama mtu anayejificha chumbani mwake mwenyewe.

Na nyuma ya ukuta, wimbo ukakoma.

Mwanzoni alidhani mwenye sauti hakuja kazini. Lakini cherehani aliitambua sasa. Ilikimbia asubuhi, ikakimbia mchana, kavu, bila sauti juu yake. Siku iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata. Sponji akajua. Habari zilikuwa zimemfikia. Alimwona kwa macho ya moyo: yuko dukani, au kwenye foleni ya maji, mtu anamwekea simu sikioni na kumwambia, hebu sikia, huyu si wewe? Na yeye anarudi kazini amefunga mdomo. Mwanamke aliyekuwa akiimba mwaka mzima, na yeye ndiye aliyemnyamazisha.

Kazi ikaanza kumkimbia. Alivalisha kochi la mteja kitambaa cha mahameli, akakosea mwelekeo wa manyoya, kiti kimoja yakaelekea juu na kingine yakaelekea chini, hata mwanga wa mlangoni ulipoangukia hapo ungedhani ni makochi mawili yamelazimishwa kuoana. Akakifumua chote. Jumapili hakwenda kusikiliza. Aliwaambia wenzake kifua kimembana, na kwa kuwa ugonjwa ule haukuwa umethibitishwa na Nesi, kesho yake Nesi akaja mwenyewe.

Nesi alimwita shemeji, kwa sababu dada yake aliolewa na kaka yake Sponji, na kwa haki ya ushemeji huo hakuwahi kumwonea haya.

"Shemeji, umekufa au umesusa?" aliuliza mlangoni. Akaketi juu ya kochi ambalo lilikuwa bado ni springi tupu, akainuka haraka, akahamia kwenye gunia la sponji.

Sponji akamweleza yote. Alitegemea angepozwa, lakini Nesi hakuwa mtu wa kupoza. Alifanya kazi hiyo kutwa na kulipwa. Alisikiliza, akanyamaza asikie cherehani kavu nyuma ya ukuta, akakiri kwamba wodini wimbo bado unapigwa na kwamba kuna mama mmoja anauomba kila anapobadilishwa bandeji. Kisha akamuuliza kwa nini hajaenda kumwona mwenye sauti.

"Nitamwambia nini?"

"Hayo uliyoniambia mimi. Kama amekasirika, amekasirika na mtu asiyemjua, na hiyo ndiyo hasira inayokula mtu. Mpelekee uso wa kuukasirikia."

"Naogopa, shemeji."

"Unamwogopa mwanamke mwenye sindano," Nesi alisema, akijipangusa vumbi la sponji. "Mimi ninazo kubwa kuliko zake, na kila wiki unanisalimia."

Sponji hakutaka kwenda mikono mitupu. Katika zile siku za kujificha alikuwa ameshona mto wa kukalia kwa mabaki ya mahameli, sponji ngumu ndani, kona zake zimekazwa kwa uzi uliopitishwa mara mbili. Alikuwa ameushona bila kujiuliza ni wa nani. Sasa alijua ni wa mtu anayekaa kutwa. Akauweka kwapani, akafunga mlango, akapita kwa wauza mbao, akakata kona ya fundi simu, na akaingia barabara ya nyuma, ambayo baada ya miaka yote ile aliitembea kama mgeni.

Mlango ulikuwa wazi. Juu yake palichorwa kwa rangi ya bluu kwamba hapa hushonwa sare za shule na za kazi. Ndani kulikuwa na cherehani kadhaa za miguu, lundo la kola nyeupe sakafuni, na mama mnene aliyekuwa akikata kitambaa juu ya meza ndefu, ambaye bila shaka ndiye mwenye mali. Katikati ya chumba alisimama mlinzi mmoja, pande la mtu, amenyoosha mikono kushoto na kulia. Mwanamke mfupi, utepe wa kupimia shingoni, alikuwa amepanda kigoda ili ayafikie mabega yake.

"Karibu, baba," mama wa mkasi alisema. "Ni sare za wajukuu?"

"Hapana, mama. Mimi ni jirani yenu." Sponji akaelekeza kidole ukuta wa nyuma. "Wa upande ule."

Cherehani zikaacha, moja baada ya nyingine.

"Wa nyundo?" aliuliza yule mwanamke mfupi juu ya kigoda.

Sponji aliijua sauti kabla hajauangalia uso. Usoni hakuwa kijana wala mzee. Alikuwa na chaki kwenye nyusi.

"Wa nyundo," alikubali.

"Kumbe uko hai," mwanamke alisema, akashuka kigodani. "Jamani, mwenzetu mzima."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja, hata Sponji akashindwa kufuata. Alichoambulia ni kwamba walikuwa wamembishania wiki nzima. Mmoja alisema amehama. Mwingine alisema amelazwa. Mama mwenye mali alisema huyu mfupi, waliyemwita Mita kwa ajili ya utepe wake, alitaka mtu atumwe azunguke kwenda kuangalia, na angetumwa leo hii baada ya kumaliza oda ya mlinzi. Mlinzi aligeuza kichwa kumtazama vizuri huyo mtu aliyekuwa akisubiriwa. Mikono yake alikuwa bado ameinyoosha.

Mita hakuwa anacheka na wenzake. Alimsogelea Sponji.

"Niambie kweli, mzee wangu. Ni mimi?"

"Wewe vipi?"

"Kelele zangu. Niliwaambia hawa, mtu wa watu anatafuta riziki yake, na mimi namwimbia kichwani kutwa. Ulipoacha nyundo nikasema basi, nimemchosha, kahamishia kazi kwingine. Ndiyo maana nimefunga mdomo. Sikuimba tena, si umesikia? Sasa rudi kazini kwako kwa amani."

Sponji alisimama na mto wake kwapani. Maneno yale yalikuja kichwani mwake polepole, kwa kuvutwa, kama kitambaa kinavyovutwa kwenye kona ya kiti: upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka kikakaa.

"Ulinyamaza kwa ajili yangu?"

"Hata kama nisingenyamaza, ningeimba na nini? Cherehani inakimbia tu, haina akili. Wewe ndiye unayenipa mwendo. Mbili fupi, moja nzito. Mimi naingilia hapo hapo."

Na yeye muda wote ule alidhani ndiye anayefuata. Sponji akahisi kitu kikimlegea kifuani, kitu alichokuwa amekikaza tangu siku ya mkasi. Hakuwa ameambiwa lolote, huyu. Hakuna aliyemwekea simu sikioni. Hakuwa na hasira. Sponji angeweza kuuweka mto mezani, akasema alikuwa na homa kidogo, akaaga, na asubuhi nyundo ingelia na wimbo ungerudi na dunia ingekaa sawa. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake.

"Kuna jambo," akasema. "Nisikilize mpaka mwisho, halafu utasema."

Akamweleza. Hakujipamba. Alisema alipanda juu ya kochi akainua simu. Alisema alidhani ni redio, na msichana mmoja nyuma ya cherehani akacheka puani, mama mwenye mali akamkata jicho. Alisema aliwapa wenzake watatu wa Jumapili, na hao wakawapa wengine, na sasa sauti yake iko wodini, ambako mgonjwa mmoja huiomba akibadilishwa bandeji, na kwa wanakwaya wa mwalimu mmoja, na mahali pengine ambapo hapajui. Alisema ameshaomba ufutwe. Alisema ameacha nyundo kwa aibu, si kwa kuchoka.

Mita alikuwa ameushika utepe wake kwa mikono yote miwili. Mama mwenye mali akaweka mkasi chini.

"Umewapa watu," Mita alisema.

"Nimewapa."

"Watu wenye masikio yao."

"Ndiyo, dada."

Aliangalia chini, akaokota uzi kwenye sketi yake, akauzungusha kidoleni. Kisha, bila kuinua uso, akauliza, "Walisemaje?"

Sponji akamweleza habari za kopo na ngoma mbili, na yule msichana wa puani hakuweza tena kujizuia. Alikanyaga pedali, tak-tak-tak-tak, akasema ngoma hii inahitaji mafuta. Akamweleza habari za Nesi aliyesikia msiba na Fundi Saa aliyesikia mume akisemwa. Hapo Mita mwenyewe akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa utepe. Wimbo ule haukuwa na msiba wala mume. Ulikuwa vipimo. Aliviimba ili visimtoke kichwani kati ya kupima na kukata, na akauanza palepale, nusu kwa sauti, kumwonyesha: kifua ishirini na sita, mkono kumi na saba, mama kasema acha upindo, ataongezeka.

"Wazazi wote ndio wimbo wao huo," alisema. "Acha upindo, ataongezeka. Mimi nimeupa sauti tu. Na huyo mwalimu wa kwaya?"

"Alisema rudia. Hajawahi kusema hivyo kwa wimbo wowote. Alikipenda kile kimya cha katikati. Alisema hajapata mtu anayejua kungoja kama wewe."

"Kimya kipi?"

Sponji akatoa simu, akaupiga wimbo. Wanawake wakakusanyika. Mita alisikiliza sauti yake kwa uso wa mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu asiyemfahamu. Alikunja uso kidogo mwanzoni, kisha akaukunjua. Ulipofika pale, akainua kiganja.

"Hapo," alisema. "Siku hiyo naikumbuka. Hapo ndipo nyundo ilitakiwa iangukie, haikuanguka. Nikakungoja. Nikakungoja. Nikasema moyoni, huyu leo amemeza msumari."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, na mlinzi akatikisika mabega mikono ikiwa hewani. Kicheko cha Sponji kilichelewa. Kilitoka mbali, kilikuwa na wiki nzima ndani yake, na kilipofika kilimtoa machozi, hata ikambidi atafute pa kukaa. Akauweka mto kwenye kigoda, akaukalia mwenyewe, akajifuta macho kwa ncha ya shati. Mwalimu alikuwa amesifu nafasi ambayo yeye, Sponji, aliiacha kwa kupanda juu ya kochi. Hakujua atamwambiaje. Alijua tu kwamba anaitamani Jumapili.

Mita alingoja amalize.

"Hukufanya vizuri," alimwambia.

"Sikufanya vizuri."

"Ungegonga ukuta tu. Ningekuimbia."

"Ningegonga, dada. Nisamehe."

"Hao wa mbali waufute. Yule mgonjwa wa bandeji mwacheni nao, asije akakosa kupona kwa ajili yangu. Na hao watatu wako wabaki nao, mradi mwalimu aambiwe ukweli wa hicho kimya chake."

"Atabisha."

"Abishe." Akautazama mto chini ya Sponji. "Na hicho kitu ni cha nani?"

Sponji akainuka upesi, akaupangusa, akampa kwa mikono miwili. Mita akaubonyeza kwa kidole gumba, akaangalia kona zake ndani na nje kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi, akauweka kwenye kiti cha cherehani yake bila kusema asante, na Sponji akaona kwamba umekubaliwa. Kisha akapanda tena kigodani, akazungusha utepe kwenye kifua cha mlinzi.

"Nao husikiliza nini, hao wenzako?" aliuliza kutoka huko juu. "Mimi hapa sijui wimbo mwingine ila wangu na nyundo yako."

Mama mwenye mali akasema hapana, kazi imelala, na huyu bwana mkubwa ana zamu ya kuingia. Mlinzi, ambaye hakuwa amesema neno tangu Sponji alipoingia, akasema hana haraka.

Sponji akatafuta kwenye simu. Alichagua wimbo ambao Nesi aliuleta wiki kadhaa nyuma, wa vijana wawili na gitaa moja, wanapokezana sauti kama watu wanaobebeana ndoo. Alitaka kuusifu. Akajizuia, akawaeleza kanuni: hakuna kusifia, hakuna kusema mpaka uishe, na kukohoa ni kwa ruhusa tu. Akaiweka simu juu ya lundo la kola nyeupe, sauti imefunguliwa yote.

Gitaa likaanza. Miguu ikatoka juu ya pedali. Msichana wa puani akaweka kidevu kwenye mkono wa cherehani, na mama mwenye mali akabaki na mkasi umefunguka nusu ndani ya kitambaa, hakukata wala hakuutoa. Mlinzi alifumba macho. Alikuwa bado amenyoosha mikono, kushoto na kulia, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aishushe. Utepe ulipanda na kushuka kidogo juu ya kifua chake kwa kila pumzi, na kidole gumba cha Mita kilikuwa kimeikalia namba, lakini Mita hakuwa anaitazama.